Madaftari Mawili ya Mlezi wa Nyumbani

Tarehe 11 Oktoba 1870, katika gereza la Horsemonger Lane kusini mwa London, alinyongwa mwanamke aliyeitwa Margaret Waters. Alikuwa akikaa Brixton, na alikuwa akitangaza magazetini kwamba yuko tayari kuchukua watoto wachanga na kuwalea kama wake kwa malipo ya mara moja. Waliompelekea watoto wengi wao walikuwa wasichana waliozaa nje ya ndoa, wasio na pa kuificha aibu wala pa kupata kazi wakiwa na mtoto mikononi. Pesa zikishapokelewa, mtoto hakuwa tena na faida kwa aliyempokea. Katika nyumba ile watoto walinyweshwa afyuni wasilie, wakaachwa wakadhoofika.

Naanza na habari hii nzito kwa sababu karatasi za kazi yangu zina asili yake humo. Mimi ni mlezi wa nyumbani mjini Leicester, katikati ya Uingereza. Wazazi huniletea watoto asubuhi kabla ya kwenda kazini na kuwachukua jioni. Nalipwa kwa saa, nina kibali cha serikali, na mkaguzi ana haki ya kunigongea mlango. Kwetu Tanga mtoto huachwa kwa bibi, kwa shangazi au kwa jirani wa ukuta mmoja, na hakuna anayemdai bibi cheti. Huku kila jambo lina karatasi yake, na nimewaona wenzangu wakiiacha kazi hii kwa kuchoshwa na karatasi huku watoto wakiwa bado wanawapenda. Ndipo nikaanza kusoma historia ya kazi yetu, kila kitabu nilichoweza kukipata maktaba, ili nijue karatasi hizi zilitoka wapi. Nilichokiona ni kwamba zilitoka sehemu mbili zisizo na undugu. Kuna daftari la kumchunga mlezi, na kuna daftari la kumwelewa mtoto. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila moja lilikwenda njia yake. Tabu yetu ilianza yalipofungwa katika jalada moja.

Daftari la kwanza ni la sheria. Kesi ya Waters ilizaa Sheria ya Kulinda Uhai wa Watoto Wachanga ya mwaka 1872. Iliamuru kwamba mtu anayepokea kwa malipo watoto wawili au zaidi walio chini ya mwaka mmoja, na kukaa nao kwa zaidi ya saa 24, aiandikishe nyumba yake kwa mamlaka ya eneo, na mtoto akifa mchunguzi wa vifo aarifiwe. Miongoni mwa walioupinga mswada huo walikuwamo wanawake waliokuwa wakipigania haki za wanawake. Waliona Bunge la wanaume linaingiza mkono katika mapatano ya wanawake maskini, na hofu yao haikuwa ya bure. Lakini sheria ilitoka dhaifu, na halmashauri nyingi hazikuijali.

Udhaifu huo ulionekana Machi 1896, mwendesha mashua alipoopoa kifurushi katika mto Thames karibu na mji wa Reading. Ndani mlikuwa na maiti ya mtoto wa kike. Karatasi iliyofungiwa ilikuwa na maandishi yaliyofifia, na polisi walipoyachunguza kwa makini wakasoma jina la Bi. Thomas na anwani. Ndivyo walivyomfikia Amelia Dyer, ambaye alikuwa amewachukua na kuwaua watoto kwa miaka mingi. Alinyongwa tarehe 10 Juni mwaka huohuo. Mwaka uliofuata sheria ikakazwa: umri wa watoto wanaolindwa ukapandishwa hadi miaka 5, na halmashauri zikapewa wajibu wa kusimamia zenyewe badala ya kungoja watu wajitokeze.

Sina kinyongo na daftari hili. Mtoto asiyeandikwa popote anaweza kupotea na asiwepo wa kuuliza. Kila asubuhi ninapoandika jina la mtoto na saa aliyoingia, najua ninaandika nini na kwa ajili ya nani.

Ila sisi wa mchana tuliachwa nje na sharti la kukaa na mtoto usiku na mchana. Mwanamke wa Lancashire aliyempelekea jirani mtoto alfajiri na kumfuata baada ya kazi ya kiwanda cha pamba hakuguswa na sheria ya 1872, wala na ile ya 1897. Ulezi wa mchana ulibaki jambo la ujirani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilifunga vituo vingi vya watoto vilivyokuwa vimefunguliwa ili akina mama wafanye kazi za vita, lakini viwanda, hasa vya nguo, viliendelea kuwahitaji akina mama haohao. Watoto wakaingia majumbani. Mwaka 1948 Bunge likapitisha sheria ya vituo vya watoto na walezi wa nyumbani, na hiyo ndiyo nyanya ya kibali changu. Rejista ilikaa kwa mamlaka za afya za maeneo. Aliyekuja kukagua alitazama moto umewekewa kizuizi au la, choo kikoje, watoto ni wangapi na nafasi inawatosha. Hakuuliza mtoto amejifunza nini wiki hii. Mwanzoni mwenye mtoto mmoja au wawili hakulazimika kujiandikisha. Mabadiliko ya 1968 yakamgusa hata anayepokea mtoto mmoja kwa saa mbili au zaidi kwa siku.

Bado wengi hawakuwamo kwenye rejista. Miaka ya 1970 ilipoanza, mtafiti Brian Jackson, mzaliwa wa Huddersfield, alifanya jambo ambalo ninapenda kuwasimulia wenzangu. Yeye na watu wake walisimama barabarani kabla ya mapambazuko katika miji ya viwanda, wakawatazama akina mama wakipita na watoto waliofunikwa mablanketi, wakaona ni milango gani inagongwa. Wengi wa akina mama hao walikuwa wahamiaji wa zamu za alfajiri. Nyuma ya milango ile watafiti walikuta vyumba vya baridi, hita za mafuta ya taa, na watoto wengi wamekaa bila kitu cha kuchezea. Walikuta pia wanawake wema na wenye akili ambao hakuna ofisi iliyowahi kuwapelekea hata kitabu cha picha. Brian na mkewe Sonia waliyaweka hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1979. Miaka miwili kabla ya hapo walezi wenyewe walikuwa wameshaunda chama chao cha taifa, baada ya BBC kurusha vipindi vya televisheni vilivyowahusu. Mwaka huo wa 1977 nauheshimu kuliko mwaka wa sheria yoyote, kwa kuwa ndio walezi walipoanza kujisemea.

Leicester nayo ilikuwa na alfajiri zake. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji huu iliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala kuwaonya wasije. Walikuja kwa maelfu. Wanawake waliingia viwanda vya soksi na vya nguo za kufuma, na watoto wakabaki kwa mama wakwe na mashangazi katika nyumba za matofali mekundu za Belgrave na Highfields. Jirani yangu mmoja mzee, mzaliwa wa Kampala, ambaye hadi leo hunisalimia kwa Kiswahili chake cha dukani, alilelewa watoto wake hivyo na akaja naye kuwalelea wengine. Hakuandika chochote. Lakini ukimuuliza habari za mtoto yeyote aliyepita mikononi mwake atakueleza alipenda kula nini, aliogopa nini, na alianza kusema lini. Uangalizi anao wote kichwani.

Na hapo ndipo lilipo daftari la pili, lililoanza mbali kabisa na hofu ya mauaji. Lilianza kwa baba mwenye udadisi na nafasi. Charles Darwin alipopata mtoto wake wa kwanza, William, tarehe 27 Desemba 1839, alifungua daftari. Aliandika chafya na kwikwi za siku za mwanzo, anavyopepesa macho, anavyokasirika. Aliandika kwamba mtoto alipotimiza mwaka mmoja alijitungia neno la chakula, "mum", na akaanza kulitumia badala ya kulia kila alipoona njaa. Aliandika kwamba kwenye bustani ya wanyama mtoto aliwafurahia swala na ndege, hata mbuni, lakini aliwaogopa wanyama wakubwa walio ndani ya vizimba. Kuna tukio moja ninalolipenda sana: mtoto ana miaka miwili na miezi saba na nusu, anatoka chumba cha kulia macho yanang'aa kwa namna isiyo ya kawaida, baba anaingia kutazama kuna nini, na anagundua mtoto amekuwa akila sukari. Kila mlezi anayajua macho hayo.

Darwin alikaa na daftari hilo zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapisha sehemu yake katika jarida la Mind mwaka 1877. Hakuna mkaguzi aliyekuwa akilisubiri. Aliandika anapoona jambo la kuandikwa, na siku asipoliona daftari lilikaa kimya.

Aliyelifanya daftari hilo kuwa chombo cha kazi kwa wanaokaa na watoto wa wengine ni Susan Isaacs, aliyezaliwa karibu na Bolton, Lancashire, mwaka 1885. Oktoba 1924 alianza kuongoza shule ya Malting House mjini Cambridge, iliyoanzishwa na Geoffrey Pyke kwa fedha zake mwenyewe. Walianza na wavulana kumi, mdogo wao akiwa na miaka miwili na miezi minane, mkubwa wao akikaribia mitano. Watoto waliachwa wachimbe, wapande, wawashe moto, wagombane, waulize. Watu wazima waliandika walichosikia kama kilivyosemwa, na tarehe juu yake.

Maandishi ya Julai 1925 yanasimulia kifo cha sungura wa shule. Mtoto mmoja anaona tumbo la sungura halipandi wala halishuki, anasema amekufa. Mwingine ameambiwa na baba yake kwamba akitiwa majini atafufuka. Isaacs hawakatazi, anawauliza kama wajaribu. Sungura anatiwa majini, anaelea, watoto wanabishana kuelea kuna maana gani. Wanamzika. Baadaye inazuka shaka kwamba huenda hayupo tena kaburini, amepaa mbinguni, basi wanachimba kutazama. Yupo. Isaacs hakuandika pembeni kwamba watoto hawa "wanaonyesha kuelewa mzunguko wa uhai", wala hakubandika herufi ya eneo la mtaala. Aliandika walichosema na walichotenda. Kufikiri kulikuja baadaye, katika vitabu viwili vikubwa vya 1930 na 1933.

Huwaambia wenzangu waitazame vizuri shule ile kabla ya kujilinganisha nayo. Ilikuwa na walimu wa kutosha na hata makarani wa hati mkato wa kunasa mazungumzo, na tajiri wa kuwalipa wote. Pyke alikuwa akipata fedha zake kwa biashara ya kubahatisha bei za madini. Biashara ilipoanguka, shule nayo ikafa, na mwaka 1929 ikafungwa. Uangalizi wa namna ile uligharimu utajiri wa mtu. Mimi nina mikono miwili, na mara nyingi mmoja umembeba mtoto.

Isaacs mwenyewe aliijua dunia ya nje ya shule yake. Kuanzia 1929 hadi 1936 alijibu barua za mayaya na akina mama katika jarida la Nursery World, akitumia jina la Ursula Wise. Waliomwandikia walileta jambo moja linalowasumbua: hasira, woga, kunyonya kidole, ukaidi wakati wa kula. Waliandika kwa sababu walitaka kujua wafanye nini kesho. Hiyo, kwangu mimi, ndiyo sura ya daftari la pili inayomfaa mtu afanyaye kazi peke yake sebuleni.

Sasa nifike kwenye fundo. Mwaka 2001 usimamizi wa walezi uliondolewa mikononi mwa halmashauri ukapewa Ofsted, idara ya ukaguzi ambayo watu waliijua kwa shule. Vilikuja viwango 14 vya taifa, na vilikuwa bado vya daftari la kwanza: usalama, afya, vifaa, malalamiko. Mwaka 2002 ukatoka mwongozo wa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu, mpole wa lugha, na wengi waliupenda. Kisha Septemba 2008 ukaanza mtaala wa hatua ya miaka ya awali, uitwao EYFS, uliotokana na Sheria ya Malezi ya Watoto ya 2006. (Nasema Uingereza kwa maana ya England; Scotland na Wales wana taratibu zao.) Mlezi mwenye watoto watatu sebuleni akawekwa chini ya mtaala uleule wa shule ya chekechea yenye safu ya walimu. Kulikuwa na malengo 69 ya kufikiwa mwishoni mwa hatua hiyo, na chini ya malengo hayo majedwali marefu ya umri kwa umri, yenye safu iliyomtaka mlezi atazame, asikilize na aandike.

Mwongozo wenyewe haukutaja idadi ya maandishi kwa wiki. Idadi zilitoka pembeni. Mshauri wa eneo hili alitaka tatu kwa kila mtoto, wa eneo la pili alitaka tano, mkufunzi wa semina alitaka kila moja iwe na picha, na wauza fomu walitaka wauze fomu. Nilihudhuria semina ambayo mkufunzi alirudia mara kwa mara kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Nilitazama ukumbini nikaona wanawake wakilinakili neno hilo, baadhi yao wakiwa wamelea watoto kabla mkufunzi hajazaliwa.

Majalada yalinenepa. Vikaratasi vya njano vya kunata kwenye friji, kwenye mlango, mfukoni mwa aproni. Picha zilizochapishwa usiku. Kwa kila tukio: alichofanya mtoto, herufi ya eneo la mtaala, na "hatua inayofuata". Nina rafiki, Msomali wa mtaa wa pili, ambaye Jumapili zake zote za usiku ziliishia mezani na mkasi na gundi, mumewe akikata picha na yeye akibandika. Ukizisoma karatasi zile leo unashangaa jinsi zilivyo kavu. Amepanga matofali. Amehesabu hadi tatu. Amechora mduara. Mtoto mwenyewe, kelele zake, ubishi wake, hayumo. Hayumo kwa sababu hakuandikiwa yeye, aliandikiwa mkaguzi. Daftari la pili lilikuwa limegeuzwa la kwanza: maandishi kuhusu mtoto yakawa ushahidi kuhusu mlezi. Ile hofu ya 1870, kwamba mwanamke anayelea kwa malipo huenda ana siri ndani, ilihamia kwenye picha ya mtoto na rangi zake za maji.

Na kuna gharama ambayo jalada halikuonyesha. Mtoto anapojenga, akainua macho kukutafuta, akakuta unaandika, anapoteza nusu ya sababu ya kujenga. Nimeona watoto waliozoea kusimama na kutabasamu kila wanapomaliza jambo, wakingoja kamera. Hilo liliniudhi kuliko usingizi uliopotea.

Malalamiko hayakukosekana. Kampeni iliyoitwa Open EYE iliupinga mtaala huo tangu 2007, kabla haujaanza, na magazeti yaliupachika jina la mtaala wa nepi. Mwaka 2011 Clare Tickell, aliyepewa na serikali kazi ya kuuchunguza, alipendekeza upunguzwe. Mtaala wa 2012 ukashuka kutoka malengo 69 hadi 17, ukasema wazi kwamba kupima maendeleo ya mtoto kusimtenge mlezi na mtoto kwa muda mrefu wala kusidai karatasi kupita kiasi. Ulituondolea pia walezi wa nyumbani lazima ya kuwa na sera nyingi za maandishi, mradi tuweze kuzieleza kwa mdomo. Mwaka 2018 Ofsted iliiacha fomu yake ya kujitathmini. Mfumo wa ukaguzi wa 2019 ukaamua kwamba wakaguzi hawatatazama tena majedwali ya maendeleo tuliyojitungia; watatazama tunavyokaa na watoto na watatuuliza tunajua nini kuwahusu. Mtaala wa 2021 ukamalizia: mlezi ategemee anavyomjua mtoto na ujuzi wake wa kazi, na asilazimishwe kukusanya vithibitisho.

Ukiyasoma hayo mfululizo utadhani mzigo umekwisha. Haujaisha, na ninaamini najua kwa nini. Sheria ililegeza kamba, lakini mwanamke aliyekaguliwa katika miaka ile akaambiwa jalada lake ni jembamba hasahau kwa kusoma waraka. Hujiwekea akiba. Wazazi nao walizoea picha za kila siku kwenye simu. Asipoziona mama anaanza kuwaza. Wakati huohuo walezi wanazidi kupungua. Katikati ya miaka ya 1990 walezi walioandikishwa nchini walikuwa karibu laki moja. Kufikia 2024 walikuwa chini ya 30,000. Karatasi si sababu pekee. Malipo ni madogo, na wengi wenye nyumba za kupangisha hawataki kazi hii ifanyike ndani. Lakini kila niliyemuuliza kati ya walioondoka alizitaja karatasi.

Mimi nimeyatenganisha tena yale madaftari mawili, na ndivyo ninavyowafundisha wanaokuja kuniuliza. La kwanza ni jembamba na halina mapambo: mahudhurio, ajali, dawa, ruhusa za wazazi, namba za dharura. Ndani yake naandika palepale, mtoto akiwa bado na kitambaa cha barafu kwenye paji la uso, na mzazi anatia saini jioni kabla ya kuvuka kizingiti. Humo sirahisishi kitu. Kumbukumbu za 1870 na 1896 zinanitosha.

La pili ni daftari la kawaida la mistari, moja kwa kila mtoto, na sheria yangu ndani yake ni kuandika lile tu litakalobadilisha nitakachofanya kesho, au litakalohitajiwa na mtu mwingine anayemlea mtoto huyo. Mtoto aliyemaliza wiki nzima akibeba mawe kutoka upande mmoja wa bustani hadi mwingine, ndani ya ndoo, ndani ya mfuko, ndani ya kofia, alipata mstari mmoja, na kesho yake nikatoa mikoba, toroli na makopo. Chris Athey, aliyefanya utafiti wake mkubwa katika chuo cha Froebel London miaka ya 1970, alionyesha kwamba marudio ya namna hiyo ndiyo fikra za mtoto zinavyojengeka. Kulijua hilo kunapunguza maandishi, kwa sababu mlezi anajua analolitazama. Picha nachukua chache, na za kumwonyesha mtoto mwenyewe baadaye tukizungumza. Mengine yote nasema mlangoni. Mama anayesikia kutoka kinywani mwangu kwamba mwanawe leo alimtuliza mwenzake anayelia haulizi picha.

Nitaeleza mara moja ambayo mistari yangu michache ilikuwa na thamani kubwa. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili ambaye nyumbani wanasema Kiswahili na Kilingala, na kwangu alisikia Kiingereza pia. Alisema maneno machache. Kila mtu alikuwa na jibu tayari: lugha nyingi, atasema tu. Niliandika kwa tarehe kwamba alikuja mbio alipoona sahani lakini hakugeuka nilipomwita chakula kutoka nyuma yake. Kwamba aliniitika akinitazama usoni, na hakuniitika nikiwa jikoni, hata kwa Kiswahili. Kwamba siku za mafua ilizidi. Tangu 2012 sheria inatutaka tumpe mzazi muhtasari mfupi wa maandishi mtoto akiwa kati ya miaka miwili na mitatu, na hiyo ni karatasi ninayoitetea popote. Mistari ile ikaingia kwenye muhtasari, mama akaupeleka kwa muuguzi wa watoto, muuguzi akampeleka mtoto kupimwa masikio. Maji mazito yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma za sikio. Jalada la picha mia moja za mtoto akicheka na tofali mkononi lisingemwambia muuguzi lolote.

Wanaonijia siku hizi ni wanawake wapya wa kazi hii, Wakongo, Wasomali, Waafghani, na binti mmoja wa Mombasa. Karibu wote wamekwishanunua fomu kabla ya kupata mtoto wa kwanza. Huwakalisha mezani tukaisoma pamoja ile EYFS ya walezi wa nyumbani iliyoanza kutumika Januari 2024. Kwa mara ya kwanza sisi tumepewa waraka wetu, tofauti na wa shule na vituo. Unatolewa bure na Wizara ya Elimu, na kinachotakiwa kuandikwa kimetajwa humo kwa jina. Tunapiga mstari chini ya kila kinachotakiwa. Kisha nawaambia waziweke fomu zao pembeni ya waraka, waangalie ni ipi inayotajwa humo, na zile zisizotajwa wazirudishe dukani kama risiti bado ipo.